Dole la Mwandawiro na Mwenge wa Jipe

Behewa walilotufungia lilikuwa la nyumbu wa jeshi, na nyumbu wenyewe walikuwa wameshuka alfajiri bila kusafisha walikolala. Tulikuwa watatu. Mimi, Jaffar bin Badawy, karani na mkalimani wa kambi ya Maktau. Mwandawiro, mvuvi wa ziwa Jipe, mikono imefungwa kamba kwa mbele. Na askari Zephaniah, aliyepewa bunduki ya kumlinda Mwandawiro lakini hakupewa ufunguo wa mlango. Ufunguo ulikuwa kwa gadi wa treni, na gadi alikuwa behewa la kwanza, karibu na birika la chai.

Tuliondoka Maktau saa mbili asubuhi kwenda Voi. Saa nne treni ikasimama katikati ya vichaka. Tukasikia watu wakikimbia kando ya reli, kisha sauti ikasema Wajerumani walipita usiku wakang'oa vyuma, na mlango wowote usifunguliwe mpaka mafundi wamalize. Ndani ya behewa la bati, jua la saa nne ndiyo kwanza linajifunza kazi.

"Karani," Zephaniah akasema, "waambie mimi si mfungwa."

"Waambie wewe. Una bunduki."

"Bunduki haijui Kizungu."

Mwandawiro akacheka. Akicheka, hutoka hewa kwanza, sauti inafuata baadaye, kwa sababu meno yake ya mbele, ya juu na ya chini, yaling'olewa na upondo wa mtumbwi siku moja uliponasa kwenye tope ukamrudia mdomoni. Mtu wa milima ya Taita ameteremka kwenda kuvua samaki. Ziwa nalo likatoza ada.

Alikuwa anacheka kwa sababu hakujua tunakwenda Voi kufanya nini. Aliambiwa anakwenda kusema tena habari za Mwenge mbele ya wakubwa, akavaa koti lake, akafunga kiunoni kitambaa chenye samaki mmoja mkavu. Hata kamba mikononi aliiona ni mambo ya kijeshi tu. Mimi nilijua, maana karatasi niliinakili kwa mkono wangu. Kesho saa tatu asubuhi baraza la jeshi lingemhukumu kwa kumpelekea adui ishara za moto. Kosa hilo wakati wa vita lina adhabu moja: ukuta, na watu sita wenye bunduki.

Aliyemfikisha hapo ni mimi. Na nilimfikisha kwa mzaha.

Visiwa vya Jipe si kama vya kwetu pwani. Ni mafunjo yaliyofungamana mizizi mpaka yakabeba udongo, yakabeba vijiti, yakabeba hata mtu na kibanda chake. Upepo ukivuma kwa nguvu, kisiwa kizima hung'oka kikaenda kutembea. Na kwa kuwa mpaka wa Mwingereza na Mjerumani umepita humo humo ziwani, mtu anaweza kulala kwa mfalme huyu akaamka kwa mfalme yule, na hajavuka mlango wa kibanda chake.

Vita vilipoanza, mwaka wa kumi na nne, Wajerumani wakaichukua Taveta, na watu wengi wa ziwani wakakimbilia upande wetu. Mwaka uliofuata walikuwa wamejenga vibanda nyuma ya kambi ya Maktau, na wote walikuwa na habari moja: Mwenge. Kitu kinachowaka na kuruka, kinachotoka kwenye visiwa vya mafunjo jua likizama na kuelekea milimani. Walinzi wetu nao wakaanza kuona mwanga upande wa Jipe. Kapteni wetu, ambaye tulimwita Bwana Darubini kwa kuwa hata mezani alikula nayo shingoni, akasema hicho si kiumbe, hizo ni ishara. Akaniagiza niandike ushahidi wa kila aliyeuona.

Niliandika watu kumi na saba. Kazi yenyewe ilikwenda hivi: mtu akisema, mimi naandika upesi kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuo cha Kurani kabla sijatia mguu skuli, katika daftari langu dogo la mfukoni. Jioni nakaa, nafasiri kwa Kizungu kwenye karatasi za jeshi. Kesho yake Kapteni anasoma karatasi, mimi namfasiria shahidi kwa Kiswahili, shahidi akikubali anabonyeza dole gumba.

Tryphena, mke wa Mwandawiro, alisema, "Mwanangu, ule hauruki kama ndege. Unakwenda kama mwanamke aliyetoka kuazima moto kwa jirani, ameushika kwenye kigae, anakazana usimzimikie njiani."

Mwalimu Alexander wa kanisani alisema, "Andika kwamba si malaika."

"Umejuaje, mwalimu?"

"Malaika angesalimu."

Mwandawiro ndiye aliyeuona karibu kuliko wote. Kisiwa chake kiling'oka yeye akiwa juu yake, mtumbwi ukabaki kwenye mafunjo ya upande wa pili. Alikaa siku mbili humo, hana pa kwenda, kiboko anamzunguka. "Jua lilikuwa limezama hivi," aliniambia. "Ukainuka hatua kumi kutoka nilipokaa. Rangi ya kiini cha yai. Hauna joto, hauna sauti. Ulipita juu yangu nikaona vidole vyangu vyote kumi, nikavihesabu. Ukaenda zako."

"Una mkia?"

"Sikuona mkia."

"Ulizungukazunguka?"

"Haukuzunguka. Ulikwenda moja kwa moja, polepole. Basi."

Basi! Mtu amekaribia kuliwa na kiboko, amemulikwa na kitu kisichojulikana, halafu anasema basi. Niliona karatasi za jeshi zinakauka mno. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimekaa katika vumbi la Maktau miezi mitano, na kitu pekee kilichonichekesha ni kutia chumvi. Mabawa ya Mwenge wa mwalimu Alexander niliyapa upana wa kanisa lake. Wa Mwandawiro nikautia chumvi zaidi, kwa sababu Mwandawiro alikuwa mtani wangu.

Utani wetu ni wa kurithi. Babu yangu alipita Taita na misafara, akapiga kambi kwa watu wa Mwandawiro miaka nenda rudi, wakalishana, wakauguzana, wakazikana, na mwisho wakawa watani. Mimi kwake ni mla mikate. Yeye kwangu ni mla panya. Sheria zake kila mtoto anazijua: mtani akikutukana, hukasiriki. Mtani akikuzushia jambo mbele ya watu, hukani. Ukikana, umeshindwa. Unalipokea, unalizidisha, unamrudishia.

Basi siku ya kusomewa, wakimbizi wamesimama kutuzunguka, Kapteni akasoma nami nikafasiri: "Mwenge ulikwenda kushoto mara tatu, ukazima. Ukawaka tena, ukaenda kulia mara tatu, ukazima."

Mwandawiro akanitazama. Alijua hakusema hivyo. Nikamkonyeza. Watu wakaona nimemkonyeza, wakanyamaza wasikie atajibu nini.

"Mwambie Bwana," akasema, "karani wake amesahau la muhimu."

"Lipi?"

"Kwamba mimi ndiye ninayeuita. Nikipiga mluzi, unakuja."

Watu wakaangua kicheko. Tryphena akajifunika uso kwa leso. Mwandawiro, mluzi! Na mapengo yale! Mtu ambaye hata uji wa moto anauliza nani atampulizia! Nami nikafasiri neno kwa neno, nikingoja Kapteni naye acheke.

Kapteni hakucheka. Hakuinua hata uso kuutazama mdomo uliosema. Aliandika. Akasogeza kidau cha wino, Mwandawiro akabonyeza dole lake, kisha akalipangusa kwenye nywele zangu, watu wakacheka upya.

Wiki tatu baadaye daraja dogo la reli likalipuliwa, wapagazi wanne wakafa. Mlinzi mmoja akasema jioni ile aliona mwanga upande wa Jipe, ukienda kushoto. Labda aliuona. Labda alikuwa amesikia maneno yangu, maana karatasi zile zilikuwa zimechekesha kambi nzima. Juu ya hayo ilijulikana kwamba Mwandawiro hupenya mara kwa mara kurudi ziwani kuangalia migono yake ya samaki. Kapteni akafungua sanduku la karatasi, akatoa ya dole. Kushoto mara tatu. Mluzi. Vyote vimo.

Na mimi daftari langu lilikuwa mfukoni mwa kanzu, ndani ya behewa, na saa sita ilikuwa imefika.

Bati lilikuwa haliguswi. Tulikaa katikati ya sakafu kama watu waliozungukwa na maji. Zephaniah alitoa chupa yake, akanywa funda moja, akampa mfungwa, kisha mimi.

"Mzee, huyo samaki kiunoni," akasema, "si tumgawane?"

"Huyu ana mwenyewe," Mwandawiro akajibu. "Nina shangazi Voi. Ndiye samaki wa mwisho niliyemtoa Jipe. Wewe kula bunduki yako."

Juu ya ukuta wa behewa kulikuwa na tundu la hewa, refu kama mkono, lenye nondo mbili. Kiganja kingepita. Daftari lingepita. Nilikuwa nimelitazama tundu lile tangu saa nne. Daftari likiangukia vichakani, hakuna mtu chini ya jua angejua Mwandawiro alisema nini siku ile. Angebaki na dole lake. Likibaki, ni mimi: karani wa jeshi aliyebadilisha ushahidi wakati wa vita. Nilikuwa nimefasiri makaratasi ya kutosha kujua nalo hilo linaitwaje.

Nilisimama mara mbili, kana kwamba natafuta upepo.

"Mbona unasimama simama?" Mwandawiro akauliza. "Una haja?"

"Joto."

"Mtu wa pwani anakimbia joto! Hilo nitalitangaza." Akajinyoosha vizuri. "Sasa niambie, mla mikate. Huko Voi wakubwa ni wangapi?"

"Watatu."

"Watatu. Basi mluzi hautoshi. Nitawaambia niliupanda mpaka Kilimanjaro."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema una matandiko. Na hatamu."

"Mzee, tafadhali usiseme!"

Akanikodolea macho. Zephaniah naye akageuka. Tangu nijue kusema sikuwahi kumwita Mwandawiro "mzee". Baba yangu hakuwahi. Nadhani ningemtukania ukoo mzima asingeshtuka, lakini heshima ile ilimwondoa rangi usoni.

"Umeniita nani?"

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote, kushoto na kulia, daraja, wapagazi, baraza, ukuta. Sikuongeza kitu, na hadithi ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani.

"Wataniua kwa kushoto mara tatu?"

"Na kwa mluzi."

"Mluzi!" Akakaza midomo, akapuliza. Fffff. Mate yakaruka mpaka kwenye kiatu cha Zephaniah. Hakuna aliyecheka.

Zephaniah akasema polepole, "Karani, umefanya nini wewe?" Akakifuta kiatu kwa kiganja, akakisogeza mbali nami.

Nje mafundi walikuwa wanapiga vyuma. Kila pigo tulilihesabu kimoyomoyo, na kila pigo lilikuwa linatusogeza Voi. Mwandawiro alikaa muda mrefu akitazama kamba za mikono yake.

"Unajua ninalofikiri?" akasema. "Nimekatazwa kukukasirikia. Baba alinikataza kabla hujazaliwa. Kwa hiyo nimekaa hapa nina hasira mkononi, naitafutia mahali pa kuiweka, sipaoni. Behewa dogo."

"Nikasirikie tu."

"Siwezi. Usinifundishe." Akavuta pumzi. "Nikifa nani ataniingiza kaburini?"

"Mimi."

"Kabla ya kuniingiza?"

"Nalala humo kwanza mimi."

"Mpaka?"

"Mpaka watu wako wanipe kitu, nitoke."

"Baba yake huyu alilala kaburini kwa kaka yangu," akamgeukia Zephaniah, kama mtu anayemsimulia mgeni. "Alikataa kutoka. Maiti juani, watu wanalia, yeye amelala chali anasema shimo hili zuri, hamumpi mla panya bure. Mpaka wakamletea jogoo mwekundu. Mama yangu alicheka siku ile. Alikuwa hajacheka tangu mtoto wake augue." Akanigeukia. "Basi. Ukiwa Voi usije ukaomba jogoo. Tryphena hana jogoo. Jogoo wote wamebaki kwa Mjerumani."

Akajilaza kwenye majani ya nyumbu, akafumba macho. Hakuniomba chochote. Angeniomba, ningepata la kubishia.

Sitawadanganya. Nilisimama mara ya tatu. Nilitoa daftari mfukoni, nikapitisha mkono kati ya nondo mpaka kwenye kifundo. Nje kulikuwa na upepo kidogo, kurasa zikapepea. Vichaka vya miiba vilikuwa karibu sana, vyeupe kwa vumbi, vinaweza kumeza kitabu kikaoza humo asijue mtu.

"Karani," Zephaniah akasema nyuma yangu, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake kofia, "hicho kitakuponyoka."

Nikarudisha mkono. Nondo ilikuwa imeniunguza. Alama ninayo mpaka leo.

Treni iliondoka saa kumi na moja jioni. Usiku ule hauna la kusimulia. Mwandawiro alifungiwa tena, mimi nikapewa pa kulala.

Asubuhi tukaingizwa kwenye chumba karibu na stesheni. Meza moja, wakubwa watatu, wa katikati ana mvi. Kapteni Darubini amekaa pembeni na karatasi zake. Mwandawiro akasimamishwa mbele ya meza, mimi ubavuni mwake, mahali pa mkalimani.

Yule wa mvi akainua karatasi. "Muulize kama alama hii ni ya dole lake."

Nilipaswa kugeuka kulia na kusema Kiswahili. Nikabaki nimetazama mbele, nikasema Kizungu. "Bwana, kabla sijamuuliza, nina neno langu mwenyewe."

"Karani, hukuulizwa," Kapteni akasema.

Nikaweka daftari mezani. Nikasema dole ni lake lakini maneno ni yangu, na maneno yake yako humo. Wakalifungua, wakaligeuza juu chini, kisha chini juu. Hakuna aliyeweza kulisoma. Ikabidi aitwe Mwinyihaji, mwenye duka karibu na msikiti, mtu aliyemjua baba yangu tangu ujana. Akaja na miwani yake na kofia yake safi, akaonyeshwa ukurasa. Alisoma kwanza kimya. Kisha akaninong'oneza, maana alikwisha kuelewa.

"Jaffar, mwanangu. Nikisoma hiki kwa sauti, nakusomea wewe hukumu."

"Soma, baba."

Akasoma, karani wa baraza akiwafasiria wakubwa. Rangi ya kiini cha yai. Hauna joto, hauna sauti. Haukuzunguka. Moja kwa moja, polepole. Basi. Kwangu mimi mwenyewe ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno yale bila kutafuta pa kutia chumvi. Yalikuwa yametosha tangu mwanzo.

Yule wa mvi akafikiri. "Na mluzi? Mluzi alisema mwenyewe?"

"Alisema, Bwana. Alikuwa ananirudishia mzaha wangu. Kwao na kwetu mtu hamkani mtani wake mbele ya watu."

"Mzaha," Kapteni akasema, "katika ushahidi wa vita."

"Mwambieni apige," nikasema.

Wakatazamana. Yule wa mvi akatikisa kichwa kwamba apige. Nikamgeukia Mwandawiro, safari hii kwa Kiswahili.

"Mla panya. Wakubwa wanataka mluzi."

"Wa nguvu?"

"Wa nguvu zako zote."

Akajipanga. Akavuta hewa mpaka koti likamkaza, akakunja midomo, akapuliza. Fffffff. Akajaribu tena, macho yamemtoka. Fffff. Karatasi ya dole ikalowa tone moja. Akaingiza vidole viwili mdomoni kama wachungaji wafanyavyo. Vikaingia vyote, havikukutana na jino hata moja. Mkubwa wa kushoto akainamia meza, mabega yakimtetemeka.

Kapteni Darubini alikuwa anatazama. Nadhani ndiyo siku ya kwanza alimtazama shahidi wake mdomoni.

Saa sita Mwandawiro akafunguliwa kamba. Akaambiwa asionekane ziwani mpaka vita viishe.

Langu halikuhitaji mluzi. Walisema kwa kuwa nimesema kweli kwa hiari sitapelekwa ukutani, na nishukuru. Nilivuliwa ukarani palepale, nikaandikwa mpagazi, kubeba mizigo ya jeshi mpaka mwisho wa vita. Nilishukuru. Lakini orodha za wapagazi waliokufa kwa kuhara na homa nilikuwa nikizinakili mimi, na nilijua zinavyokuwa ndefu.

Kesho yake asubuhi tukapakiwa, wapagazi arobaini, kwenye behewa la aina ileile. Mlango ukavutwa, kufuli likalia. Nikabanwa chini ya tundu la hewa. Punde nikasikia mtu anapitapita nje akigonga mabehewa moja moja na kuuliza, "Mla mikate yumo?"

"Yumo!"

Akapanda kwenye gurudumu, uso wake ukatokea kwenye nondo, mapengo kwanza. Akapitisha mkono. Mkononi alikuwa na yule samaki mkavu, amevunjika mkia kwa safari.

"Na shangazi yako je?"

"Shangazi hakulala kaburini kwangu. Shika." Nikashika. Akasafisha koo, akasema kwa sauti kubwa ya msibani, wote wasikie: "Watu wangu wamelipa. Mtani, shimo si lako. Toka."

Wapagazi wengine wakacheka. Wengine walikuwa na watani kwao, walijua. Mimi na yeye tukatazama upande mmoja, kule kwenye mlango. Kufuli lilikuwa mahali pake.

"Umelipa kidogo," nikasema.

"Ndiye niliyenaye."

"Ungeleta jogoo."

"Ningeleta jogoo," akasema, "ungetoka?" Na akataka kucheka, hewa ikatoka, sauti haikufuata. Filimbi ya gadi ikalia. Akateremka. Treni ilipojivuta nilimsikia akikimbia kando yake, akipuliza, fffff, fffff, mpaka tukamwacha.

Tulifika mwisho wa reli machweo, tukaachwa ndani tungoje amri. Wengi walikuwa wamelala wameegemeana. Nilisimama kwenye tundu nipate pumzi. Nyika ilikuwa inaingia giza upande wa Taveta, na milima ya Upare ilikuwa mstari mweusi tu.

Ukainuka kutoka bondeni, upande wa ziwa. Manjano, ya kiini cha yai. Nikakamata nondo kwa mikono miwili. Haukuwaka na kuzima. Ulikuja polepole, kama mtu aliyebeba moto wa jirani, ukapita mbali juu ya miti, na kwa muda ule mfupi niliona, au nilidhani naona, vidole vyangu kwenye nondo. Kisha mlima ukauficha.

Nikamtikisa niliyebanwa naye, mtu mzima, Mkamba, simjui jina.

"Umeuona?"

"Nini?"

"Mwenge. Unaruka. Umepita pale, sasa hivi."

Akafungua jicho moja. "Una mkia?"

Nilikuwa na safari ndefu mbele yangu na mtu wa kumsimulia, na giza zima la kuongezea nilichotaka.

"Hauna," nikasema.

"Unawaka na kuzima?"

"Hapana. Umekwenda moja kwa moja, polepole. Basi."

"Ah," akasema, akanigeuzia mgongo. "Basi si kitu."